Tovuti ya nyumba yetu ya wageni inapendeza, lakini haimsaidii mgeni. Nimwambie nini fundi?

BintiMkomani, Lamu

Assalaam aleikum jamani. Humu mna watu wa biashara na mna mafundi wa tovuti, kwa hiyo nalileta jambo hili kwenu kwa sababu limenikaa rohoni.

Mamangu ana nyumba ya wageni hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Ni nyumba ya mawe ya familia, ya zamani, ina ua wa ndani na paa la makuti juu. Mimi ndiye ninayepokea simu na kupanga vyumba. Mwaka jana tulichanga kama familia tukamlipa fundi mmoja wa Nairobi atutengenezee tovuti. Alipotuonyesha kwenye kompyuta yake kila mtu alifurahi. Inafunguka na video ya jahazi limetweka tanga, ukigusa tu kioo muziki wa taarabu unaanza, na maandishi meupe membamba yanatokea polepole juu ya mawimbi kisha yanapotea.

Tabu ni kwamba mtu ananipigia simu tovuti ikiwa wazi mbele yake, ananiuliza chumba ni bei gani. Bei zipo. Ziko kwenye faili la PDF, ndani ya menyu iliyofichwa kwenye vile vistari vitatu, chini ya maneno "Safari Yako". Nani atajua kwamba bei ya chumba iko chini ya "Safari Yako"? Namba ya simu imewekwa mwisho kabisa wa ukurasa, tena imechorwa ndani ya picha, hivyo ukiibonyeza haipigi na kuinakili huwezi. Ramani nayo imechomekwa alama pale Ngomeni, kwenye ngome ya zamani. Wageni wanatokea uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome hiyo, na mabegi yao, wanaanza kuuliza vijana wa punda nyumba yetu iko wapi.

Kilichoniuma zaidi ni mama mmoja kutoka Kisumu. Alishuka uwanja wa ndege wa Manda na mtoto mchanga mgongoni, akawa anatafuta teksi. Hakuna mahali popote kwenye ile tovuti panaposema kwamba uwanja wa ndege uko kisiwa cha pili, na kwamba ukitoka mlangoni unateremka gatini unapanda boti. Alisimama juani hadi nahodha mmoja akamhurumia. Mgeni wetu hapokewi hivyo. Nyumba za hapa zina daka pale mlangoni, mtu asiyejulikana anakaa, anapewa maji, anaulizwa anakotoka, hata kabla hajaingia ndani. Tovuti nilitaka iwe daka hilo kwa mtu aliye mbali.

Nilipomweleza fundi alisema hiyo ndiyo tovuti ya kisasa, wageni wa Ulaya wanapenda hivyo, na kama sisi hatuipendi basi ni suala la ladha. Kubadilisha ni malipo mengine.

Naomba mnishauri. Tuiache, tubaki na WhatsApp na Instagram? Au irekebishwe? Na kama ni kurekebisha, nimwambie kwa maneno gani ili asinijibu tena habari ya ladha?


MapokeziMalindi, Malindi

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi nimekaa mapokezi ya hoteli hapa Malindi tangu enzi za faksi na daftari la wageni, na nitakujibu upande ninaoujua, wa sauti ya mgeni kwenye simu.

Weka daftari karibu na simu yako. Kila swali mgeni analouliza, liandike kwa maneno yake yeye, si kwa maneno yako. Usiandike "malazi", andika "chumba cha watu wawili ni ngapi". Baada ya muda utaona ni maswali yale yale. Chumba ni bei gani, kwa shilingi au kwa dola, na chai ya asubuhi imo? Nafikaje kutoka Nairobi? Mko wazi mwezi wa sita? Naweza kulipa kidogo kwa M-Pesa, nyingine nikifika? Kuna feni au AC? Daftari hilo ndilo limpe fundi kazi. Yale yanayorudiwa sana ndiyo yakae juu ya ukurasa, mgeni ayaone bila kubonyeza kitu.

Kuhusu bei ninataka kusema zaidi, maana hapa nimeona biashara zikipoteza watu. Wenye hoteli wengi wa pwani wanaficha bei wakidhani mgeni atapiga simu na sisi tutamvuta kwa maneno matamu. Hapigi. Mtu wa Nairobi akikosa bei anaona hapa si mahali pake, pamewekewa Wazungu. Mzungu naye akikosa bei anaona atatajiwa kulingana na sura yake. Wote wawili wanaondoka kimya, na wewe huna habari kwamba walipita.

Pale nilipokuwa nafanya kazi tovuti ilifunguka kwa Kiitaliano na bei zilikuwa za yuro peke yake. Kwa miaka mingi haikuwa na ubaya, wageni wetu wengi walitoka Italia. Lakini treni ya SGR ilipoanza mwaka 2017, familia za Nairobi zikawa zinashuka Mombasa na kupanda matatu hadi kwetu, na tovuti ikabaki inaongea na watu wa zamani. Nilikuwa napokea simu watu wananiuliza, dada, hoteli yenu inapokea Wakenya? Swali hilo mtu kuuliza katika nchi yake ni aibu, na aibu hiyo ilikuwa yetu sisi wenyeji.


NahodhaShela, Lamu

Mimi naona uiache. Natembeza wageni kwa boti hapa Shela na Manda, na kazi yangu yote ni WhatsApp. Picha ya machweo nikiiweka kwenye status, jioni nina watu. Tovuti ni pesa ya kila mwaka na fundi hashikiki simu.

Ila kwa habari ya Manda umesema kweli. Kila wiki tunawaona pale wamesimama na mabegi, wengine wanaogopa hata kutuuliza wakidhani tutawaibia. Mwandike mgeni wazi kwamba kuna boti ya abiria wa pamoja na kuna boti ya kukodi, bei zake ni mbili tofauti. Na anayekuja kwa basi mwambieni atashuka Mokowe, upande wa bara, napo ni boti vilevile. Wengi wanadhani basi linaingia mjini.


FundiMuyeye, Malindi

Dada, usiiache. Nahodha anasema kweli kwa kazi yake, kwa sababu wateja wake tayari wako kisiwani na namba yake wanapewa mkononi. Status inaonwa na mtu aliye na namba yako. Mtu aliye Eldoret au Berlin, anayeandika "nyumba ya kulala Lamu" kwenye Google leo usiku, hana namba yako. Instagram nayo, asiye na akaunti akitazama kidogo tu anaambiwa ajisajili kwanza. Tovuti ndiyo mahali pekee mtandaoni ambapo sheria ni zenu.

Natengeneza na kukarabati tovuti za wafanyabiashara wa Malindi na Watamu, na habari ya ladha naijua sana. Mengi uliyoyataja hayahusiani na ladha, yana vipimo. Mpelekee vipimo.

Anza na uzito. Mwulize ile video ina megabaiti ngapi. Tuseme 24, na hiyo ni ndogo. Mtu aliye kwenye basi maeneo ya Garsen, mtandao ukimpa megabiti 1 kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti 8), atangoja zaidi ya dakika 3 iishe kushuka, na bando linaloliwa ni lake. Google katika vipimo vyake vya ubora wa kurasa inataka kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye kioo kionekane ndani ya sekunde 2.5. Na Jakob Nielsen, Mdenmark aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, aliandika tangu mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ndio ukomo wa mtu kushikilia akili yake kwenye kitu anachokingojea. Zikipita hizo ameshahama. Video itoke. Iwekwe picha moja ya ua wenu, na hiyo nayo ipunguzwe. Picha ya kamera ya megapikseli 12 ina upana wa pikseli 4,000 hivi na mara nyingi uzito wa megabaiti 3 au 4. Ishushwe upana hadi pikseli 1,200 na ibanwe, itabaki na kilobaiti mia mbili au tatu, na mgeni kwenye simu hataona tofauti.

Maandishi meupe membamba juu ya mawimbi yana kipimo pia. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti isomeke na kila mtu, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kuna programu za bure za kupima, fundi wako anazijua. Juu ya povu la mawimbi hayatafika huko. Na wewe unajua mgeni wenu anaisoma wapi: amesimama gatini saa saba mchana, jua linapiga kioo cha simu, anatafuta namba yenu. Maandishi meusi manene kwenye nyeupe, yasiyotembea. Mtu anayesoma polepole, au anayesoma lugha isiyo yake, akifika nusu ya sentensi inapotea. Hilo mimi naliona kama dharau.

Namba ya simu iandikwe kama maandishi, juu kabisa, na ikibonyezwa ipige. Pembeni yake kitufe cha WhatsApp. Kiungo chake ni wa.me, mkwaju, halafu 254 na namba yenu bila ile sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Mafundi wengi wanaibakiza hiyo sifuri ndani, kiungo kinakufa, na hakuna anayekijaribu. Kitufe kiwe kikubwa. Apple wanashauri kisipungue pointi 44 kila upande, na sababu ni kidole cha mtu mzima.

PDF ya bei iondoke. Kwenye simu nyingi inashuka kama faili, mtu hajui imeenda wapi, na akiifungua anaivuta kwa vidole viwili kusoma herufi za karatasi ya A4. Bei ziwe kwenye ukurasa wenyewe, na menyu ziite kitu kwa jina lake: Vyumba na bei. Jinsi ya kufika. Mawasiliano. "Safari Yako" haimwambii mtu chochote.

Ramani. Lamu vichochoro vingi havina majina wala nyumba hazina namba za kumwelekeza mgeni, kwa hiyo ramani iliyowekwa kwa kukisia itamwangusha mgeni kila siku. Sajilini biashara yenu kwenye Google, ni bure, alama muiweke wenyewe mkiwa mmesimama mlangoni. Google ina kitu kinaitwa Plus Code, msimbo mfupi wa herufi na tarakimu unaofanya kazi hata pasipo anwani. Uandikeni kwenye tovuti. Chini yake maelezo ya mtu wa mtaani: ukishuka gati la mji fanya hivi, ukifika msikiti fulani kata kulia, na picha ya mlango wenu. Nyumba za Mkomani kila moja na mlango wake na nakshi zake. Mgeni akiwa na picha ya mlango mkononi hapotei.

Hukutaja fomu ya kuweka nafasi, lakini naomba uijaribu leo. Jitumie ujumbe mwenyewe uone unafika wapi. Nimekuta fomu nyingi za biashara hapa Malindi zinapeleka ujumbe kwa barua pepe ya fundi, mwenye hoteli hajui. Nimekuta nyingine zilizonunuliwa zikiwa tayari kutoka Marekani, zinamlazimisha mtu ajaze jimbo na msimbo wa posta la sivyo haziendi. Mtu wa Voi aandike jimbo gani? Jina, simu, tarehe ya kufika na kuondoka, watu wangapi, basi. Na kama inaomba namba ya pasipoti, hakikisha anwani inaanza na https, ile inayofunga taarifa zisisomwe njiani. Tangu Julai 2018 Chrome inaandika wazi "si salama" kwa tovuti isiyo nayo, na kwa sheria yetu ya ulinzi wa data ya 2019 taarifa za mgeni ni amana kwenu.

Kuhusu neno "kisasa". Hapa Malindi palikuwa na tovuti nyingi zilizotengenezwa kwa Flash, programu ya Adobe ya michoro inayotembea, zina pazia linalofunguka na samaki wanaopita. Zilikuwa ghali na zilisifiwa sana. Kwenye iPhone hazikufunguka hata siku moja, na Adobe walipoacha kuihudumia Flash mwisho wa Desemba 2020 zote zikawa kurasa tupu. Hoteli zilizokuwa na ukurasa wa maandishi, picha na namba ya simu zinafunguka mpaka sasa.

Jambo la mwisho, na lifanye kabla hujagombana na fundi. Uliza domeni yenu, yaani jina la anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni ya .co.ke iko chini ya KeNIC, wasimamizi wa majina ya .ke, kupitia wakala aliyeidhinishwa. Iwe kwa jina la mamako au la biashara, na nywila mnazo nyinyi.


BintiMkomani, Lamu

Allah awalipe kheri nyote. Nimesoma kila neno na mamangu nimemsomea kwa sauti.

Fomu nimeijaribu. Inadai jimbo kweli, nikaandika Lamu ikakataa, ikakubali nilipochagua jimbo la Marekani kwenye orodha. Ujumbe haukufika kwetu. Nilipombana fundi akafungua barua pepe yake ya zamani, na humo kulikuwa na maombi ya wageni tangu tovuti ilipoanza. Kuna familia ya Ujerumani iliyoandika mara mbili kuomba vyumba viwili wakati wa Maulidi. Mara ya pili wameuliza kwa upole kama tumefunga. Mamangu alinyamaza muda mrefu aliposikia hilo. Nimewaandikia wote, hata wale ambao tarehe zao zimepita, kuwaomba radhi.

Domeni iko kwa jina la fundi. Amekubali kuihamisha, na sitamlipa hata shilingi ya marekebisho kabla haijahama.

FundiMuyeye, kabla ya kuyapeleka hayo yote kwake, kuna njia ya kumwonyesha kwa macho? Yeye anaitazama kwenye kompyuta kubwa yenye mtandao wa ofisini. Nadhani hajawahi kuiona tunavyoiona sisi.


FundiMuyeye, Malindi

Ipo, na ndiyo bora kuliko maneno yangu yote. Chukua simu ya kawaida, si ya bei kubwa, yenye bando la kawaida, zima Wi-Fi. Tafuta watu ambao hawajawahi kuiona tovuti. Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, huna haja ya umati. Kila mmoja mpe kazi moja kwa maneno ya kawaida: tafuta chumba cha watu wawili ni bei gani. Mwingine: umeshuka Manda, fanya nini? Kisha nyamaza. Usimsaidie, usimwonyeshe kwa kidole, hata akikutazama. Rekodi kioo na mikono yake kwa simu nyingine, uso wake usiwemo, na uombe ruhusa kwanza. Mtumie fundi hizo video bila maelezo.


BintiMkomani, Lamu

Nimefanya. Shangazi yangu wa Langoni, mwalimu mmoja jirani, kijana wa duka la vitambaa, na wageni wawili waliokuwa wanapumzika barazani wakakubali. Mwalimu alifika kwenye PDF, ikashuka, hakuiona tena. Shangazi aliposhtuliwa na ule muziki aliizima simu yote, ndipo akanirudishia. Mmoja wa wageni alibonyeza picha ya namba ya simu mara nyingi, akaniuliza kama simu yangu imeharibika.

Fundi alikaa kimya siku nzima, kisha akanipigia. Hakutaja ladha. Aliniambia hajawahi kumtazama mtu akiitumia kazi yake. Domeni imehama. Video na muziki vimetoka, namba iko juu na inapiga, WhatsApp inafunguka. Ukurasa wa Jinsi ya Kufika tumeuandika mimi na mamangu kwa Kiswahili kwanza, yeye akisema njia na mimi nikiandika, kisha Kiingereza. Maneno ya Nahodha kuhusu Manda na Mokowe tumeyaweka karibu kama alivyoyasema.

Limebaki moja. Bei zetu za Desemba si za Aprili, na Mei na Juni mvua zikishika tunafunga. Fundi anasema tuandike "bei hubadilika kulingana na msimu, tafadhali wasiliana nasi". Mimi sitaki. MapokeziMalindi, wewe ungeandikaje?


MapokeziMalindi, Malindi

Umefanya vizuri kukataa, mwanangu. Sentensi hiyo ndiyo bei iliyofichwa, imevaa nguo nyingine. Mgeni wa Nairobi hajui kaskazi wala kusi, kwa hiyo usimwandikie "msimu wa juu" na "msimu wa chini". Mwandikie tarehe. Kutoka tarehe hii mpaka tarehe hii chumba cha watu wawili ni shilingi kadhaa, chai ya asubuhi imo. Kutoka tarehe hii mpaka hii ni shilingi kadhaa. Mei na Juni tumefunga, tunafungua tena tarehe fulani. Shilingi kwanza, dola pembeni. Na chini yake andika bei hizi zimewekwa mwezi gani na mwaka gani, maana bei isiyo na tarehe mtu anaiogopa. Kila mnapofungua baada ya mvua, kabla ya kutandika kitanda cha kwanza, wewe mwenyewe ingia uzisome upya. Mwambie fundi akupe njia ya kuzibadilisha bila yeye.